Je, Dawa za Kusisimua Misuli Kweli Huongeza Mbio?



Mwaka 2016 mjini Rio, Jemima Sumgong alikuwa mwanamke wa kwanza wa Kenya kutwaa dhahabu ya marathoni katika Olimpiki. Mwaka uliofuata vipimo vilimkuta na EPO, akafungiwa miaka minne. Watoto waliomshangilia mbele ya runinga wana haki ya kutuuliza: kwani dawa hizo kweli zaongeza mbio?

EPO ni homoni itengenezwayo na figo kwa kudra ya Mwenyezi Mungu. Huuamuru uboho wa mifupa uzalishe chembe nyekundu za damu, zichukuazo oksijeni mwilini. Ile ya viwandani ilikusudiwa wagonjwa, hasa wa figo waliopungukiwa na damu. Mwanariadha hujidunga akitumai kwamba chembe zikizidi, pumzi nazo zitazidi.

Mwaka 2013 watafiti wa Glasgow walieleza kwamba wanaume waliodungwa EPO kwa wiki 4 walipunguza muda wao wa mita 3,000 kwa takriban asilimia 6. Lakini hapakuwa na kundi lisilopewa dawa la kulinganishwa nao, na matumaini peke yake huweza kumwongezea mtu mwendo.

Mwaka 2017 watafiti wa Uholanzi walitangaza jaribio la waendesha baiskeli 48. Nusu walidungwa EPO kila wiki kwa wiki 8, na nusu sindano isiyo na dawa, wala hawakujulishwa nani kapewa nini. Katika maabara, waliopewa EPO walionyesha nguvu zaidi pale walipojikaza hadi ukomo wao. Lakini walipopelekwa Ufaransa kuupanda mlima Ventoux, baada ya safari ya kilomita 110, makundi yote mawili yalifika kwa muda ulio karibu sawa.

Hatusemi kwamba dawa hiyo haina athari yoyote. Hao hawakuwa mabingwa wa kulipwa, na kwa mabingwa sekunde chache huamua mshindi. Twasema kwamba faida yake ina shaka kuliko inavyovumishwa, ilhali madhara yake yajulikana: damu huwa nzito, ikaweza kuganda na kuudhuru moyo au ubongo.

Basi, mama mwenye kijana mkimbiaji, mwusie asikubali sindano asiyoijua jina wala kazi yake, hata akiambiwa ni vitamini tu. Na aliye na mgonjwa wa figo nyumbani asiiogope EPO iwapo daktari ndiye aliyeiandika. Huyo ndiye aliyetengenezewa.

Na watoto tuwajibu hivi: hata kama ingeongeza mbio maradufu, kushinda kwayo ni ghushi, na ni kumdhulumu aliyekimbia kwa pumzi zake mwenyewe. Mwili nao ni amana, na amana huulizwa.

Mwenyezi Mungu atulindie vijana wetu. Amin.