Hema la kambi: bei ya dukani hudanganya

Msimu wa uwindaji wa kitalii nchini Tanzania huanza Julai, na baadhi ya wafanyabiashara wanaokodisha mahema ya kambi hukimbilia ya nailoni kwa kuwa bei yake ni nafuu. Hiyo ni hesabu fupi. Jua kali la porini huchakaza nailoni. Turubai la pamba ni zito, lakini hupitisha hewa, na likilowa nyuzi zake huvimba na kuziba matundu.

Kwa mfano, hema la sh. 300,000 likidumu misimu miwili, kila msimu hugharimu sh. 150,000. La sh. 900,000 likidumu misimu kumi, ni sh. 90,000 tu. Ila turubai likikunjwa likiwa na unyevu, ukungu huliozesha. Mwenye mtaji mdogo aanze na ghala kavu, ndipo anunue turubai.