Ukifika ushago Desemba, zika uongo huu kuhusu mwili wa msichana

Shule zikifungwa Desemba, wengi wenu mlio Nairobi, Nakuru na Mombasa mtapanda matatu kurudi ushago, Itumbe na kwingineko Kisii na Nyamira. Ni msimu wa kula na kucheka. Pia ndio msimu ambapo wasichana wadogo hukeketwa, siku hizi kimyakimya, milango ikiwa imefungwa.

Takwimu za serikali za 2014 zilionyesha kwamba asilimia 84 ya wanawake wa jamii ya Abagusii walikuwa wamekeketwa, ilhali kiwango cha taifa kilikuwa asilimia 21. Desturi hii hulishwa na stori ambazo hata vijana wasomi wa mjini huzirudia. Wewe umesikia ngapi?

"Kinembe kisipokatwa kitarefuka." Hakirefuki hivyo. Hukua kidogo msichana anapobalehe, kisha basi, kama kiungo kingine chochote.

"Asiyekatwa atakuwa malaya." Hamu ya mapenzi hutoka kwenye ubongo na homoni, na huko wembe haufiki. Kinachokatwa ni sehemu yenye mishipa mingi ya fahamu. Kinachobaki ni kovu, na kwa wengine maumivu wakati wa tendo la ndoa. Uaminifu hufunzwa, haukatwi.

"Atajifungua kwa urahisi." Mwaka 2006, Shirika la Afya Duniani lilitoa utafiti wa wanawake zaidi ya 28,000 katika nchi sita za Afrika, Kenya ikiwemo. Waliokatwa zaidi ndio waliokuwa katika hatari kubwa ya kujifungua kwa upasuaji na kuvuja damu nyingi.

"Akikatwa na nesi hakuna shida." Huu ndio uongo uliokita mizizi Kisii. Ganzi huzuia uchungu wa siku hiyo tu, hairudishi kilichokatwa. Sheria ya 2011 haimbagui nesi na ngariba: kifungo kisichopungua miaka mitatu, faini isiyopungua Sh200,000, au vyote viwili. Anayempeleka mtoto naye hasazwi.

Sasa tugeukie ndimi zetu. Lile neno "egesagane" mnalorushiana mkitaniana sokoni ni kisu pia. Wapo wasichana wanaokubali kukatwa kwa kuliogopa, na wazazi wanaohofia binti yao hataolewa. Sheria iyo hiyo inasema kumtusi mwanamke kwa sababu hajakeketwa ni kosa: kifungo kisichopungua miezi sita au faini isiyopungua Sh50,000.

Kwa hivyo, kijana wa kiume, sema waziwazi mezani, nyanya na shangazi wakisikia, kwamba hutafuti mke aliyekatwa. Dada, mweleze binamu yako mdogo ukweli kuhusu mwili wake kabla wengine hawajamdanganya. Na ukinusa kwamba kuna mtoto anayeandaliwa, piga 116. Simu ni ya bure, na usisubiri sherehe ianze.