Bei ya Mashine na Bei ya Ukurasa



Katika mkutano mkuu ujao tutaulizwa, pamoja na mengine, kama fedha za Chama zitumike kununua printa, yaani mashine za kuchapia, kwa ajili ya afisi za matawi. Wengi wetu tutaliona jambo hili kuwa dogo, la makarani, na fikra zetu zitakuwa kwenye bei ya karafuu na hali ya mashamba. Mimi nasema si dogo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la leo limo ndani ya kompyuta. Yaliyomo ndani ya kompyuta mkulima hayaoni mpaka yatolewe kwenye karatasi akaishika mkononi. Basi mashine hii ndiyo mlango baina ya hesabu za Chama na macho ya mwanachama, na mlango ambao kuufungua ni ghali hukaa umefungwa.

Shauri langu nalitaja mapema ili msomaji ajue ninakokwenda. Kila tawi linunuliwe printa ya leza ya rangi nyeusi tupu, ichapayo pande zote mbili za karatasi, nayo ichaguliwe kwa gharama ya kila ukurasa, si kwa bei iliyobandikwa juu ya boksi.

Wako wenzetu wanaopendelea printa za wino wa majimaji, kwa kuwa bei yake ya kununulia ni ndogo na zinatoa rangi. Hoja yao nimeisikia, lakini tazameni kazi yetu ilivyo. Msimu wa karafuu ukipamba moto afisi ya tawi haipati nafasi ya kupumua. Msimu ukiisha, mashine huweza kukaa wiki nyingi haikuguswa. Printa ya wino hurusha matone kupitia matundu membamba sana, na ikikaa bila kazi wino hukauka humo ndani. Ikiamshwa hujisafisha kwa kuumwaga wino ule ule tulioununua. Tena, maandishi ya wino wa kawaida wa namna hiyo yakipata maji huchuruzika. Mkulima hutia stakabadhi yake katika mfuko wa shati, akatoka jasho, akanyeshewa na mvua ya vuli njiani; akifika nyumbani hana stakabadhi tena, ana doa.

Ni haki kusema kwamba ziko printa za wino zenye matangi ya kujaziwa, ambazo ukurasa wake huwa rahisi sana. Hizo zafaa skuli au afisi ichapayo kila siku ya mwaka. Sisi hatumo katika hali hiyo.

Printa ya leza haitumii majimaji. Wino wake ni unga mkavu wa plastiki, ambao madukani huitwa tona. Mwanga wa leza huandika juu ya mche wa duara uitwao dramu, uliotiwa umeme; unga hunata pale palipoandikwa, ukahamia kwenye karatasi, kisha karatasi ikapita baina ya rola zenye joto linalokaribia nyuzi 200 za sentigredi, unga ukayeyuka na kushikamana nayo. Ndiyo sababu maandishi yake hayachuruziki yakirowa, na unga wake haukauki kwa kukaa miezi.

Uchapaji huu si mgeni tena duniani. Chester Carlson, Mmarekani, alitoa nakala yake ya kwanza kwa umeme na unga huko Astoria, New York, tarehe 22 Oktoba 1938. Baadaye Gary Starkweather wa kampuni ya Xerox aliingiza leza katika kazi hiyo, na mwaka 1977 Xerox ikauza mashine yake ya 9700, mali ya makampuni makubwa tu. Mwaka 1984 HP ilitoa LaserJet ya kwanza, ya kuwekwa juu ya meza, kwa dola 3,495 za Kimarekani. Leo mashine ndogo ya leza huuzwa kwa sehemu chache tu ya fedha hizo. Hilo ni jema, lakini mtego nao umo humo humo: mashine imekuwa rahisi, na faida ya muuzaji imehamia kwenye tona.

Sisi wakulima tungekuwa watu wa mwisho kutegwa hivyo. Nani kati yetu hununua karafuu mbichi kwa kutazama uzito wa siku hiyo peke yake? Twajua kilo tatu za mbichi hukauka zikabaki kama kilo moja, basi hesabu yetu huanza na kavu. Printa nayo ihesabiwe kwa kavu yake, nayo ni ukurasa mmoja uliokwisha toka.

Nitatoa mfano. Bei nitakazotaja ni za kufanyia hesabu tu, si za duka lolote. Printa ya kwanza ni shilingi 300,000, na tona yake, ambayo dramu imo ndani yake, ni shilingi 150,000 kwa kurasa 1,000. Kila ukurasa umekula shilingi 150. Printa ya pili ni shilingi 500,000. Tona yake ni shilingi 180,000 kwa kurasa 3,000, ndiyo shilingi 60 kwa ukurasa. Dramu yake hununuliwa mbali kwa shilingi 250,000 na hudumu kurasa 12,000, ndiyo kama shilingi 21. Jumla ni shilingi 81. Sasa tuchape kurasa 10,000. Ile ya kwanza, pamoja na bei ya kuinunua, itakuwa imekula shilingi 1,800,000. Ya pili itakuwa imekula shilingi 1,310,000. Ile iliyoonekana ghali imetuachia shilingi 490,000, na ilianza kutulipa kabla hatujafika ukurasa wa 3,000.

Je, kurasa 10,000 ni nyingi? Tawi lenye wanachama 200, kila mmoja akipata kurasa nne kwa mwezi, yaani stakabadhi, taarifa ya mkutano na jarida kama hili, litachapa kurasa 9,600 kwa mwaka. Lakini tawi litakalochapa kurasa 50 tu kwa mwezi litachukua karibu miaka mitano kufika 3,000, na kwa tawi hilo mashine ya bei ndogo huenda ikawa ndiyo nafuu. Ndiyo maana nasema tuhesabu kwanza kurasa, kisha twende dukani.

Huko dukani yako mambo manne ya kuuliza.

La kwanza, tona iliyomo ndani ya boksi ni ya kurasa ngapi. Printa nyingi huja na tona ya kuanzia, isiyojaa. Mathalan, HP LaserJet P1102 ilikuja na tona ya kurasa kama 700, hali katriji ya kununua, iitwayo 85A, hukadiriwa kurasa 1,600. Na kurasa hizo hupimwa kwa kipimo cha kimataifa cha ISO/IEC 19752, ambacho ukurasa wake umefunikwa na wino takriban asilimia 5 tu. Fomu yenye vichwa vyeusi na nembo kubwa itakula zaidi, basi makarani wetu waache kupamba.

La pili, iko tona kubwa zaidi kwa mashine hiyo hiyo? Brother, kwa mfano, katika soko la Ulaya huuza tona TN-2410 ya kurasa 1,200 na TN-2420 ya kurasa 3,000 kwa printa zile zile, na dramu yao, DR-2400, hukadiriwa kurasa 12,000. Kwa kawaida tona kubwa bei yake kwa ukurasa ni ndogo. Kuwa na dramu mbali au dramu ndani ya katriji si kosa kwa upande wowote, mradi iingizwe katika hesabu.

La tatu, tona hiyo yapatikana madukani Chake Chake, Wete au Mjini Unguja, au mpaka iagizwe ng'ambo? Printa nzuri kuliko zote isiyo na tona katikati ya msimu ni sanduku tu.

La nne, mashine imefungwa kwa masharti gani. Siku hizi tona huwa na kidude cha elektroniki, na baadhi ya printa hukataa tona isiyo ya kampuni yao. Kuanzia mwaka 2020 HP ilitoa baadhi ya printa katika mpango wake wa HP+, zenye herufi e mwishoni mwa jina, ambazo hutaka ziwe zimeunganishwa na intaneti na zitumie tona ya HP peke yake. Huenda mtu wa mji mkubwa asilione hilo kuwa tatizo. Kwa tawi la shamba, ambako mtandao huja na kuondoka, ni kununua mashine na ufunguo ukabaki kwa mwingine. Herufi hiyo isomwe kabla ya fedha kutoka.

Juu ya tona za kujazwa upya, maoni yangu ni kwamba zisikataliwe wala zisipokewe kwa macho yaliyofumba. Muuzaji akubali kuirudisha itakayovuja, na ijaribiwe wakati usio wa msimu. Rahisi huvunja upishi, nasi hatutaki kuvunjikiwa mistari ya watu ikiwa mirefu mlangoni.

Baada ya kununua, matunzo. Printa ya leza hula umeme mwingi inapopasha moto, mia kadhaa za wati, na kwa nukta chache huweza kupita 1,000. Basi isichomekwe kwenye betri ndogo ya kukingia kompyuta. Kompyuta ikae kwenye betri, printa ikae kwenye umeme wa ukutani. Tawi lenye jenereta ndogo lipige hesabu ya wati kwanza. Karatasi nazo hunywa unyevu wa hewa yetu ya bahari, zikajikunja na kukwama ndani ya mashine. Rimu ikae katika karatasi yake mpaka siku ya kutumika, na trei isijazwe karatasi za mwezi mzima. Mashine isiwekwe ghalani kwenye vumbi la karafuu na makonyo. Na unga ukimwagika usipulizwe. Ufutwe kwa kitambaa.

Naijua hoja ya wazee wetu kwamba kitabu cha risiti cha kaboni kimetutosha miaka yote. Nawaunga mkono nusu. Kitabu cha kaboni hakihitaji umeme, nacho kisiondoke kwenye mizani hata siku moja. Lakini kaboni humwambia mkulima alichopima siku ile tu. Haimwambii jumla ya msimu, wala daraja ngapi alipata, wala alikatwa nini na kwa ajili gani, wala deni lake la Chama limebaki kiasi gani. Mwenye karatasi thelathini za kaboni zilizofifia hana hesabu; ana kazi ya kuitafuta hesabu. Na hoja ya rangi ni nyepesi zaidi. Nambari nyeusi juu ya karatasi nyeupe husomeka na kila jicho. Likihitajika tangazo la rangi mara mbili kwa mwaka, mji una wapiga chapa, nao watatutoza kidogo kuliko rangi ya mwaka mzima.

Kwa hayo, naiomba Kamati ituletee mkutanoni mambo matatu. Kwanza, karatasi moja yenye angalau printa tatu, na mbele ya kila moja iandikwe bei ya mashine, bei ya tona kamili na kurasa zake, bei ya dramu na kurasa zake, na jumla kwa kurasa 10,000. Ibandikwe ukutani wiki mbili kabla, kila mwanachama aisome. Pili, matawi yote yanunue aina moja, ili tona inunuliwe kwa pamoja kwa bei ya jumla, na tawi lililoharibikiwa lipate kuazima kwa jirani. Tatu, iandikwe katika maazimio kwamba msimu ukiisha kila mwanachama atapewa, bila malipo na bila kuomba, ukurasa mmoja wa hesabu yake: kilo, madaraja, malipo, makato na salio.

Hilo la tatu ndilo lenye uzito. Mashine ikinunuliwa na ukurasa huo usitoke, tutakuwa tumenunua pambo la afisi. Kwa mfano wangu ule wa shilingi 81, wanachama 200 ni shilingi 16,200 za tona na dramu, pamoja na karatasi 200, ambazo hazifiki nusu ya rimu. Kwa bei hiyo kila mtu atajua ana nini na anadaiwa nini, na mwenye shaka atakuja afisini na karatasi mkononi, si na maneno ya barazani.

Mwanachama