Jiwe la Mars na matanga ya Ntoyo

Usiku wa Septemba 8, 2025, waasi wa ADF walivamia matanga huko Ntoyo, wilayani Lubero, Kivu Kaskazini, wakaua watu zaidi ya 60. Siku mbili baadaye, NASA ilitangaza kwamba gari lake Perseverance lilikuta kwenye jiwe la sayari ya Mars alama zinazoweza kuwa za vijidudu vya kale. Watafiti walisema «zinazoweza». Baadhi ya vichwa vya habari vililiruka neno hilo.

Sayansi haina kosa hapo. Lakini mhariri anayetoa ukurasa mzima kwa uhai unaodhaniwa wa mabilioni ya miaka iliyopita, awape nafasi pia waliokuwa hai juzi, kwa majina yao.