Gauni linazunguka, vipimo hakuna

Wadau, maneno "muonekano mpya" yameanza kunitia kichefuchefu. Majuzi duka moja la nguo la mtandaoni hapa Dar lilituita waandishi kutuonyesha kurasa zake za bidhaa zilizosukwa upya. Sambusa zilikuwepo, juisi ilikuwepo, projekta ilikuwepo. Ukutani gauni la kijani likawa linazunguka lenyewe kama lina jini, picha imejaa kona hadi kona, maandishi yamekimbia. Nikanyoosha mkono nikauliza: hilo gauni kifuani lina sentimita ngapi, na ndani lina bitana au halina? Kijana mbunifu akatabasamu. Akasema vipimo wameviondoa kwa sababu vilikuwa "vinachafua ukurasa".

Vinachafua! Yaani kitu ambacho mnunuzi hawezi kabisa kukiona kwenye picha ndicho kimehesabiwa kuwa uchafu.

Sina ugomvi na urembo. Ninachobisha ni kwamba ukurasa wa nguo umewekwa pale kufanya kazi ya mikono ambayo haipo. Nenda Karume, pale Ilala, umwangalie mtu anayechagua mtumba. Analigeuza vazi ndani nje akague mishono. Analivuta. Analiinua juani aone kama linaonyesha. Zipu anaipandisha na kuishusha mara tatu. Jinzi hata haijaribu, anazungusha kiuno chake shingoni, ncha zikikutana kwa nyuma anajua itamkaa. (Kama mbinu hiyo huijui, basi wewe ni mtoto wa geti kali.) Dakika mbili amemaliza, na muuzaji bado amesimama mbele yake wakivutana bei. Mtandaoni mikono hiyo hakuna. Kazi yake yote imebaki kwa ukurasa, na ukurasa usipoifanya anayeumia ni aliyetuma pesa.

Binamu yangu aliumia. Siyo kwa duka hili, ni jingine la aina hiyo hiyo. Alinunua gauni la kicheni pati, ukubwa umeandikwa M, basi. M ya wapi? Namba 12 ya Uingereza ni 8 ya Marekani na 40 ya Ulaya, na M ya kiwanda kimoja cha China inaweza kuwa S ya kiwanda cha jirani yake. Gauni likafika, mabega hayaingii. Kupiga simu, akaambiwa bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Sharti hilo halikuwa popote kwenye ukurasa, lilikuja limechapwa kwenye risiti ndani ya mfuko! Pesa alishazituma kwa simu. Fundi naye akamwambia, dada, hapa hakuna kitambaa cha kuachia.

Sasa hawa wabunifu wetu wanadhani wamegundua jambo jipya. Picha zinazozunguka ni habari ya zamani sana. Mwaka 1998 Waswidi Ernst Malmsten na Kajsa Leander walianzisha pamoja na mwenzao duka la mitindo liitwalo boo.com, makao yakiwa London. Lilifunguliwa Novemba 1999 likiwa na kila manjonjo: nguo unazizungusha, na binti wa kuchorwa aitwaye Miss Boo anakuongoza. Tatizo, wateja wengi wa wakati ule waliingia mtandaoni kwa modemu za kupiga simu, kurasa zikawa zinachukua karne kufunguka. Kwa wengine hazikufunguka kabisa. Mei 2000 duka likafilisika, dola milioni 135 hivi za wawekezaji zimeyeyuka. Najua lilikuwa na matatizo mengine mengi ya matumizi. Ila mteja aliyekuwa anasubiri kiatu kitokee kwenye skrini hakuwa na habari na hayo.

Leo hakuna modemu za namna ile, lakini kuna bando. Video ya gauni linalocheza yenyewe bila kuombwa inakula bando la mtu, na huyo mtu ndiye mnamtaka anunue.

Wakati boo.com inakata roho, kule Marekani Zappos, iliyoanzishwa 1999, ilikuwa inauza viatu, kitu ambacho wengi waliapa hakiuziki bila kujaribiwa. Kampuni hiyo ilikuja kujulikana kwa mambo mawili ya kawaida kabisa: kila kiatu kimepigwa picha pande nyingi, na mteja anaruhusiwa kukirudisha bure ndani ya siku 365. Mwaka 2009 Amazon ikainunua. Na siyo kwamba napinga video zote. ASOS ya Uingereza ilizoesha watu kumwona mwanamitindo akitembea na vazi, na kando yake pameandikwa urefu wake na ukubwa wa nguo aliyovaa. Hapo video inafanya kazi. Unaona kitambaa kinavyoanguka, na unajua kinaanguka hivyo juu ya mwili wa kimo gani.

Tena kuna ubaya mwingine ambao wabunifu wetu wameanza kuuiga kwa furaha. Saa inayohesabu kurudi nyuma. "Zimebaki 2!" "Watu 14 wanaangalia sasa hivi!" Na ile bei iliyokatwa kwa mstari mwekundu, ambayo haijawahi kuwa bei ya mtu yeyote. Julai 2025 mamlaka za Ufaransa zilitangaza faini ya euro milioni 40 dhidi ya Shein kwa punguzo za kudanganya. Walipokagua matangazo yake ya punguzo, asilimia 57 hayakuwa na punguzo lolote, asilimia 19 lilikuwa dogo kuliko lililotangazwa, na asilimia 11 bei ilikuwa imepanda! Kule Umoja wa Ulaya, tangu Mei 2022 muuzaji akitangaza punguzo lazima aonyeshe bei ya chini kabisa aliyotoza ndani ya siku 30 zilizotangulia. Sisi tumechukua mstari mwekundu, sheria tumeiacha kule kule.

Nikisema haya naambiwa, "Kaka, Wabongo hawasomi." Siyo kweli. Hawasomi porojo. Nani asome "gauni la kuvutia kwa mwanamke wa kisasa anayejiamini"? Lakini fungua picha ya nguo yoyote Instagram, shuka chini uone watu wanaandika nini. "Bei?" "Saizi zipi zipo?" "Ni pamba?" "Mwanza mnaleta?" Mara mia, siku nzima. Na muuzaji anajibu "njoo inboksi", kana kwamba bei ni siri ya ukoo. Kule inboksi ndiko kila mtu anakotajiwa bei yake, kutokana na picha yake ya wasifu inavyomwonyesha. Wateja wameshauchora ukurasa wa bidhaa kwa maswali yao wenyewe. Wanachotaka wanakisema kwa sauti, bure.

Sheria nazo zipo. Ya kulinda wateja ya Kenya ya mwaka 2012 inamtaka anayeuza kwa intaneti ampe mnunuzi taarifa, pamoja na nafasi ya kukubali, kukataa au kusahihisha makosa kabla mkataba haujafungwa. Kwetu, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 ina sehemu ya kumlinda mlaji wa mtandaoni. Binamu yangu hakuwahi kusikia habari zake, na naamini waliomuuzia nao hivyo hivyo.

Kwa hiyo wenye maduka, kabla hamjamlipa mtu awasukie upya, chukueni tepu ya fundi. Lilazeni kila vazi mezani, mpime mabega, kifua, kiuno, nyonga na urefu, muandike kwa sentimita palepale chini ya bei. Andikeni kitambaa ni nini na kama kinaonyesha mwanga. Pigeni picha moja ya mshono kwa ndani. Sharti la kurudisha liwe juu ya kitufe cha kununua, siyo ndani ya mfuko. Halafu fungueni inboksi, mchukue maswali hamsini ya mwisho mliyoulizwa, myajibu pale ukurasani. Nafasi ikibaki, zungusheni gauni.