Kiti Kilichotoka Katika Nyumba Iliyobomolewa



Mwezi uliopita kijana seremala wa hapa kwetu aliniletea kiti. Alikuwa ameona katika kitabu picha ya Maison du Peuple, ni kusema Nyumba ya Watu, ya mji wa Bruxelles. Basi akachonga uso wa nyumba yote pa mgongo wa kiti: madirisha, vyuma, kila kitu. Macho yalifurahi. Lakini mama mmoja mzee alipokaa, akaruka: “Mwanangu, hii inanichoma!” Kijana alihuzunika sana, maana mbao zake zote zilikwisha pale.

Nikamwambia: tuulize kwanza ile nyumba ilikuwa inafanya kazi gani.

Victor Horta, mwana wa fundi wa viatu, njo aliichora kwa ajili ya chama cha wafanyakazi wa Ubelgiji. Ilifunguliwa mwaka 1899. Chini kulikuwa mkahawa na maduka, juu kabisa chumba kikubwa cha mikutano. Wafanyakazi wengi wa siku zile walikaa katika vijumba vya giza. Horta akataka kuwapa mwanga na hewa. Kwa hiyo vyuma vilibeba uzito, na vioo vikajaa mahali pa kuta. Uso wa nyumba ulipindika kwa sababu kiwanja chenyewe kilipindika, si kwa kujionyesha.

Mwaka 1965 waliibomoa, hata kama wachora majengo wa nchi nyingi walilalamika. Vipande vingine viliwekwa ili nyumba ijengwe tena mahali pengine. Haikujengwa. Vyuma vingi vilishikwa na kutu, vingine vikapotea.

Ninyi vijana wa mbao, sikieni basi. Msichukue paka sura ya nyumba, chukueni akili yake. Miguu ibebe, katikati acha nafasi hewa ipite, mgongo wa kiti ufuate mgongo wa mtu. Tena usikate pindo katika ubao mmoja mpana: nyuzi zikikatwa, kiti kinavunjika. Pasua vibao vyembamba, vipake gundi, vifunge juu ya gogo lililochongwa kwa pindo lile mpaka vikauke.

Kijana alirudi na kiti cha pili, cha mbao za kukopa. Hakina hata dirisha moja. Yule mama alikaa, akaegemea, akachambua maharagwe mpaka jua likashuka.

“Baba Pasta,” kijana akauliza, “nani atajua kama kilitoka ku nyumba ile?”

Nikamwonyesha mama: “Yeye mgongo wake umekwisha kujua.”

Mbaki salama.