Mgonjwa wa Kijijini Naye Atulizwe Maumivu

Mganga wa kituo cha afya kijijini ndiye anayerudishiwa wagonjwa ambao hospitali kubwa zimekwisha shindwa kuwaponya. Wengi ni wagonjwa wa saratani waliochelewa kutibiwa kwa sababu ya ufukara na umbali. Mara nyingi mganga huyo hana cha kuwapa ila vidonge vile vile vya kutuliza kichwa. Hali hiyo haifai kuendelea, kwani dawa ipo na bei yake si kubwa.

Mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani lilitoa utaratibu wa kutuliza maumivu ya saratani kwa hatua tatu, ya juu ikiwa mofini. Hata hivyo, tume ya jarida la Lancet ilieleza mwaka 2017 kwamba kati ya tani 298.5 za dawa za jamii hiyo zilizogawiwa duniani kwa mwaka, nchi maskini zilipata tani 0.1 tu.

Kikwazo kikubwa ni hofu kwamba dawa itaibwa au itamtia mgonjwa utumwani. Hofu hiyo si ya bure, na ndiyo maana pawepo kabati la kufuli, daftari na ukaguzi. Lakini hata Mkataba wa mwaka 1961 wa kudhibiti dawa za kulevya ulitamka kuwa dawa hizo ni za lazima katika kutuliza maumivu. Kudhibiti si kunyima. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Jirani zetu wa Uganda wameonyesha njia. Mwaka 1993 Dakta Anne Merriman alianzisha huko Hospice Africa Uganda, ambako unga wa mofini huchanganywa na maji ukawa dawa ya kunywa, mgonjwa akaitumia nyumbani kwake. Mwaka 2004 sheria iliruhusu wauguzi na maafisa tabibu waliopata mafunzo maalumu kuwaandikia wagonjwa dawa hiyo, kwa kuwa madaktari ni wachache na vijiji ni vingi.

Tunazitaka wizara za afya za Afrika Mashariki zihakikishe kwamba mofini ya kunywa inafika katika vituo vya afya, na kwamba wahudumu wa huko wanafundishwa kuipima, kuitunza na kuiandika. Asiyeweza kuponywa bado anastahili kutibiwa. Kumwacha alie usiku kucha kwa kuwa anakaa mbali na mji ni dhuluma.